Randa ya Watu Wawili

Naanza na mkono wangu wa kulia, maana ndio ulioniletea haya yote. Mwaka jana niliamka asubuhi moja nikaukuta unatetemeka. Sikuwa na baridi wala hofu. Nilijaribu kunywa chai, nusu yake ikaishia kwenye shati. Daktari akasema ugonjwa huo hautaniua ila hautaondoka, akanipa vidonge, akanipa pole, akamwita mgonjwa mwingine. Mimi ni seremala, huu mwaka wa thelathini na nane. Watoto wa mtaa wananiita Nyuzi Tisini kwa sababu sijawahi kutoa kazi yenye kona iliyopinda, na nikialikwa kwa mtu nikakuta meza yake imekaa upande, chakula hakishuki. Fundi wa namna hiyo akitetemeka mkono anabaki na nini? Nikala yamini kwamba mke wangu atakuwa mtu wa kwanza kujua na wa mwisho.

Shida ni kwamba kanisa letu lilikuwa linajenga. Jengo jipya lilishaezekwa, madirisha yalishatiwa vioo, ilibaki milango mikubwa ya mbele tu. Mabawa mawili, kila bawa urefu wa mtu na nusu, mbao ngumu zenye unene wa vidole vinne. Kabla mkono haujaanza vituko vyake nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote nikaahidi kwamba milango hiyo nitaitengeneza mimi, na siku ya kufungua kanisa itakuwa imesimama. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na mbili. Mama Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya urafiki, na angekuwa mwenyekiti wa mvua kama mvua ingekuwa na kamati, alishaanza kunipitia karakanani.

"Fundi, vipi ile milango? Maana nimeona mahali ya chuma, iko tayari kabisa. Ni kuweka tu."

Milango ya chuma! Kanisani! Kama ghala la mbolea. Nikamwambia aende akapumzike, milango iko njiani. Huko njiani hakukuwa na lolote. Nilishajaribu mashine ya kupigia randa, mkono ukaruka, mashine ikatafuna kona ya ubao na nusura ichukue na kidole. Nikarudi kwenye randa ya mkono, niliyoishika tangu nikiwa kijana, ubao ukatoka na mashimo kama barabara ya mtaani kwetu. Basi nikawa najifungia karakanani mchana kweupe, na mtu akija kuuliza, mke wangu anasema nina mafua. Nilikuwa na mafua ya mwezi mzima bila chafya hata moja.

Ni huyo huyo mke wangu aliyetuandikisha kwenye urafiki. Mtaa wa nyuma walikuwa wamehamia wakimbizi, na kamati ikaamua kila familia ya kanisa iwe na familia moja ya wakimbizi. Tukapewa na karatasi ya masharti. Tuwatembelee kila Alhamisi kwa muda wa saa moja. Tusiende mikono mitupu. Tusipokee kitu kwao, kwa sababu hawana. Tena tusiwaulize habari za walikotoka, wasije wakatoneshwa vidonda. Mimi ni mtu wa vipimo. Ukinipa karatasi naifuata mpaka nukta ya mwisho.

Familia yetu ilikuwa mwanaume wa makamo, mkewe, na mama yake mzee. Waliishi vyumba viwili juu ya duka la viatu, unapanda kwa ngazi ya chuma inayopiga kelele kila ukikanyaga. Ndani palikuwa na magodoro mawili, birika, pazia la kugawa chumba, na usafi ambao ulimfanya mke wangu aangalie viatu vyake mlangoni. Walikuwa na dini yao na namna yao ya kusali, na hatukuliuliza hilo pia. Yule mwanaume alijifunza lugha yetu katika miaka ya kuhamahama, akaizungumza kwa maneno mafupi mafupi. Mama yake hakuijua kabisa.

Kila Alhamisi mambo yalikuwa yale yale. Tunaingia, naweka mfuko chini: sabuni, sukari, safari moja blanketi. Wanashukuru. Kisha yule mama mzee anasogeza kigoda chake karibu na magoti yangu, ananitazama usoni, anasema neno kwa lugha yao.

"Mama anauliza, wewe unahitaji nini?" mwanawe ananitafsiria.

"Mwambie sihitaji kitu. Namshukuru Mungu."

Mke wangu ananikanyaga mguu. Nauvuta mguu, nazungumzia hali ya hewa, naangalia saa, saa moja ikitimia nainuka. Nikawa nashuka ile ngazi kifua mbele. Nilijiona mtu mwema, nisifiche.

Alhamisi ya tano mama mzee hakutoka nyuma ya pazia. Nikauliza kama anaumwa.

"Haumwi," akasema mwanawe. Alitazama chini, akakuna kidevu. "Mzee, samahani. Mama anasema wewe si rafiki. Wewe ni ofisi."

"Mimi ni nini?"

"Ofisi. Ofisini unapanga foleni. Unapewa. Unashukuru. Unaondoka. Tumeziona ofisi nyingi. Rafiki, naye anaomba."

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Nikamwita mke wangu tukaondoka, na nilikuwa nimeshuka ngazi tatu niliposikia nyuma yangu sauti kama birika linalochemka. Mke wangu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika reli.

"Ofisi!" akasema. "Miaka thelathini natafuta neno la kukuita, bibi wa watu kalipata kwa wiki tano!"

"Wewe uko upande gani?"

"Upande wako, baba watoto. Ndiyo maana nacheka badala ya kulia. Unakwenda kwa watu kila wiki na mkono umefichwa mfukoni, unaulizwa unahitaji nini, unasema huna shida. Si uongo huo? Tena unamsingizia Mungu."

Sikuzungumza naye mpaka Jumamosi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa karakanani nimejifungia kama kawaida. Zilibaki wiki saba. Ubao wa kwanza ulikuwa mezani, nami nausukumia randa, naisukuma na kuilaani, inadunda na kuchimba, inadunda na kuchimba. Mlango ukagongwa. Nilidhani ni mke wangu ameleta uji, nikafungua. Alikuwa yule mwanaume.

"Nimekuja kuomba radhi. Maneno ya mama yalikuwa makali," akasema, halafu macho yake yakapita begani kwangu yakatua mezani.

"Karakana imefungwa," nikamwambia. "Nina mafua."

Akawa kama hakunisikia. Akaenda mpaka kwenye ubao, akaupapasa kwa kiganja toka mwanzo hadi mwisho, polepole, akisimama kwenye kila shimo. Akaichukua randa yangu, akaipindua, akafumba jicho moja, akakigonga chuma chake kwa kidole gumba kikakaa sawa. Hakuna mtu anayeshika randa hivyo ila aliyezeeka nayo.

"Wewe ni fundi?"

"Babu yangu fundi. Baba fundi. Mimi fundi. Milango tu. Milango mikubwa."

"Milango?" Nilipiga kelele. "Alhamisi tano nakuletea sabuni, nawe ni fundi wa milango? Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Kweli, sikumuuliza. Karatasi ilisema nisiulize ya nyuma, nami nikaifuata kwa utii mpaka nikakosa kujua mtu niliyekaa naye chumba kimoja kwa saa tano anafanya kazi gani. Nilitafuta pa kuutupa ule ukali wangu, nikapata.

"Na wewe hukujua kazi yangu?"

"Nilijua siku ya kwanza. Ulikuwa na maranda ya mbao kwenye soksi. Na mkono wako niliuona. Mama pia aliuona."

"Sasa mkanyamaza!"

"Mzee, kwetu fundi haingii karakana ya mwenzake mpaka aombwe. Akijiingiza, ni kama kumwambia hajui kazi. Ni tusi kubwa. Lazima mwenye karakana aombe. Ndiyo maana mama alikuuliza. Unahitaji nini. Unahitaji nini. Alitaka uniombe." Akaiweka randa mezani taratibu. "Leo nimekuja kwa radhi tu. Sasa nakwenda."

Akaanza kuelekea mlangoni kweli.

Nimeshafanya mambo magumu maishani. Nimewazika wazazi wangu, nimepandisha kenchi za paa kwenye upepo. Lakini hakuna lililonitoa jasho kama maneno niliyotakiwa kuyasema pale. Niliizunguka meza mara mbili. Nikapiga moyo konde, nikautoa mkono mfukoni nikauweka juu ya ubao tuutazame wote wawili unavyocheza.

"Mkono wangu umeharibika," nikasema. "Milango imenishinda. Tafadhali, nisaidie."

Dari halikuanguka. Yeye alitabasamu, akavua koti, akalitundika kwenye msumari uliobeba koti langu peke yake miaka yote hiyo.

Kisha akatoka mbio. Nilidhani amebadili mawazo, kumbe alikwenda nyumbani. Akarudi na kamba iliyosokotwa kwa mkono, nyeusi kwa kushikwashikwa. Walitoka nayo kwao ikiwa imefunga mzigo wao. Akatoboa randa yangu kubwa sehemu ya mbele, akapitisha kijiti, akafunga kamba huku na huku. Akanisimamisha nyuma ya randa, mikono yote miwili juu yake, naye akaenda upande wa pili wa ubao akaishika ile kamba.

"Kwetu randa kubwa haishikwi na mtu mmoja," akasema. "Wewe sukuma, mimi navuta. Usipigane na mkono. Uache. Mimi nimekushika."

Nikasukuma, akavuta. Sijui nieleze vipi. Mkono ulitetemeka kama kawaida yake, ila ile kamba iliyokazwa upande wa pili ikaumeza mtetemeko wote, randa ikatulia juu ya ubao kama pasi juu ya shati. Ikatoa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwa mwaka mzima. Ukatoka utepe wa mbao mmoja, mwembamba, mrefu, haukukatika mpaka mwisho wa ubao. Nikaushika. Nikalia kama mtoto, na sioni haya kusema. Yeye akajitia hamnazo, akawa anakaza fundo ambalo halikulegea.

Tangu siku hiyo nilimwita Kamba, na yeye akaniita Nyuzi, maana watoto wa mtaa walishamfundisha.

Tulifanya kazi kila siku. Alinionyesha namna ya kuunga mbao bila msumari, ulimi wa ubao mmoja ukiingia kwenye tundu la mwenzake mpaka hata karatasi haipiti katikati. Nami nilimfundisha kupima mara ya pili, jambo ambalo yeye aliliona ni kupoteza muda mpaka siku alipokata ubao mfupi. Tulizozana, tulinuniana, tukanywa chai. Alhamisi tulipanda ile ngazi ya chuma, na mama mzee alikuwa ametoka nyuma ya pazia.

Lakini Mama Mwenyekiti ana macho mbele na nyuma. Alichungulia dirishani, akaona mtu asiyemjua anaikokota randa kwa kamba kama mbuzi, akaitisha mkutano Jumapili baada ya ibada. Ajenda ilikuwa moja: milango ya chuma, tupige kura.

"Tunampenda fundi wetu," akaanza, na mtu akianza hivyo ujue kisu kimeshanolewa. "Lakini tunasikia mkono wake si mzima. Tena tunasikia milango ya nyumba ya Mungu inatengenezwa na mtu ambaye hata hasali nasi. Sina ubaya na mtu. Nauliza tu, ni sawa?"

Watu wakanong'ona. Nikasimama. Nilikuwa nimejua kwamba siku hii itafika, na asubuhi hiyo Kamba na mimi tulikuwa tumeuingiza ukumbini ubao mmoja pamoja na meza ya kazi, vimefunikwa shuka ukutani.

"Mama Mwenyekiti," nikasema, "saruji tuliyojengea ilibatizwa wapi? Vioo vya madirisha, uliviomba cheti cha ubatizo?"

Wakacheka, mchungaji akakohoa kwenye leso. Nikalivuta shuka.

"La pili, mkono. Hamjasikia uongo. Tazameni."

Nikashika randa peke yangu nikasukuma. Randa ikadunda, ikachimba, mkono ukaruka mbele ya watu mia mbili ambao nimewatengenezea vitanda na makabati na majeneza ya wazazi wao. Mama mmoja wa kwaya aliziba mdomo. Nilitaka ardhi inimeze, lakini nilikuwa nimeanza na sikuwa tayari kuachia katikati.

"Huo ndio mkono wangu," nikasema. "Nimewaficha mwaka mzima. Mlikuwa mnaniuliza habari, nawajibu sijambo, namshukuru Mungu. Sasa naomba msaada. Kamba, njoo, ndugu yangu."

Kamba alikuwa amekaa nyuma na mkewe na mama yake. Akatembea mpaka mbele, akafunga kamba yake, akashika. Nikasukuma, akavuta. Randa ikaimba. Ule utepe ukainuka, ukajikunja, ukazidi kutoka, mita moja, mbili, tatu, ukapita ukingo wa ubao ukashuka mapajani kwa Mama Mwenyekiti aliyekaa mstari wa mbele. Aliutazama. Akaushika kwa vidole viwili, akauinua kwenye mwanga, mwanga ukapenya.

Mtu akapiga makofi. Halafu ukumbi mzima ukasimama. Walipiga vigelegele, walipiga miguu, mchungaji alisahau kukohoa. Mama mzee, ambaye hakuelewa neno hata moja la mkutano, alipiga makofi kuliko wote. Kura haikupigwa. Mama Mwenyekiti akaukunja ule utepe polepole, akautia kwenye mkoba wake, akasema mkutano umefungwa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini. Kila Jumapili tuliimba kwamba sisi ni wahitaji, tena kwa sauti nne, lakini hakuna aliyejua mwenzake anahitaji nini. Jumapili ile, kabla watu hawajatoka, mzee anayesoma masomo ibadani alimshika mchungaji mkono akamwambia macho yameisha, miezi mingi sasa anasoma kwa kukariri. Na Alhamisi iliyofuata Mama Mwenyekiti mwenyewe alipanda ngazi ya chuma. Hakuwa na mfuko. Mimi nilikuwa nimebaki karakanani; mke wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Mama mzee akasogeza kigoda, akauliza swali lake. Mama Mwenyekiti akafungua mdomo aseme hahitaji kitu, akaufunga. Kisha akasema tangu mumewe afariki anakula mchana amesimama jikoni, kwa sababu hawezi kuitazama meza ile peke yake. Jumatano mama mzee alikwenda kula naye. Alirudi jioni, na Jumatano nyingine akaenda tena. Wanazungumza nini, kila mmoja na lugha yake, hakuna ajuaye, lakini wanasikika wakicheka mpaka barabarani. Ile karatasi ya masharti haijaonekana tena, nami sijaitafuta.

Milango ilikwisha siku nne kabla ya siku ya kufungua. Kuipandisha kulihitaji watu kumi na sita, nusu wa kanisa na nusu wakimbizi wenzake Kamba wa mtaa wa nyuma. Wao walizoea kuinua mzigo kwa wimbo na sisi kwa kuhesabu, ikawa patashika mpaka tukakubaliana wao waimbe na sisi tuhesabu ndani ya wimbo wao. Niliweka guni, kipimo changu cha kona, kwenye kila pembe. Nyuzi tisini. Nikapima mara ya pili, na Kamba hakuguna.

Siku ya kufungua, watu walijaa mpaka barabarani. Mchungaji akasema milango ifunguliwe na mafundi wake. Tukapanda ngazi, Kamba mbele na mimi nyuma, mkono wangu wa kulia umening'inia nje ya mfuko, unacheza wazi mbele ya wote. Ngazi zilikuwa tisa. Kwenye ya nne miguu ikaanza kugoma, ugonjwa huu una tamaa, hautosheki na mkono. Nikasimama. Mama mzee alikuwa pembeni mwa ngazi, bega kwa bega na Mama Mwenyekiti. Akanitazama usoni. Safari hii hakuhitaji mkalimani, alikuwa amejifunza.

"Unahitaji nini?" akauliza.

Watu wote wanasikia.

"Nahitaji mkono, mama," nikasema. "Ngazi zimenishinda."

Akaja akanishika. Tukapanda pamoja, moja moja, mpaka juu. Nikaweka kiganja changu kinachotetemeka kwenye bawa la kulia, yeye akaweka chake juu ya changu, Kamba akashika bawa la kushoto. Mama mzee akasema jambo kwa lugha yao na Kamba akaanza kucheka hata akashindwa kusukuma.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema ofisi imefungwa."

Tukasukuma. Milango ile mizito ikafunguka bila hata kulia, na watu wakaingia.